Wa Kwanza Hayupo Hapa

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kelele zake, Sabina alimpelekea mumewe uji na jina moja. Uji ulikuwa wa mtama, mwepesi, kwa kuwa meno mengi ya Tluway yalikuwa yameshang'oka. Jina lilikuwa la mtu yeyote aliyewahi kuishi Endabash au Daa, na mzee alitakiwa kusema mtu huyo alizaliwa na nani. Akikosa, kikombe kilibaki mkononi mwa Sabina mpaka apatie.

"Wewe ungekuwa mwalimu ungefungwa," Tluway alizoea kulalamika. "Unawanyima watoto chakula."

"Nawanyima wavivu. Haya, sema."

Asubuhi hiyo ya Jumanne Sabina aliingia chumbani akiwa na jina alilolifurahia, kwa sababu lilikuwa gumu. Alimkuta mumewe amelala ameelekea ukutani, blanketi limefika shingoni.

"Qamara," alisema. "Yule mwenye jicho moja. Alizaliwa na nani?"

Akangoja. Nje, binti yake Cresensia alikuwa akifungua banda la kuku, na mlango wa banda ukalia kama ulivyolia siku zote.

"Usijifanye umelala. Nakusaidia: kwa mama yake walikuwa watu wa Daa."

Sabina aliweka kikombe juu ya kigoda, akapeleka mkono chini ya blanketi, akaugusa mguu wa mumewe. Aliushika kwa muda. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Alizaliwa na Bura," alisema polepole, akamjibia. Halafu ndipo akamwita Cresensia.

*

Kufikia Jumatano mchana turubai lilikuwa limefungwa uwanjani na viti vya plastiki vya kanisa vimepangwa. Sabina alikalishwa sebuleni juu ya godoro, mgongo ukutani, kati ya wanawake. Kila aliyeingia alimshika mkono, akamwambia, "Pole, Mama Julius," naye akajibu, "Tumeshapoa."

Hakuwa amezoea kukaa. Katika misiba ya watu wengine, kwa zaidi ya miaka arobaini, kazi yake ilijulikana. Akifika tu alitafutiwa kiti karibu na mwenye kalamu, akaulizwa: marehemu alizaliwa na nani, huyo naye na nani, walihama Mbulu mwaka gani, mke wa kwanza alitoka kwa nani. Na nje ya misiba, hakuna aliyeposa Endabash bila kupita kwanza jikoni kwa Sabina, kuhakikisha kwamba koo za vijana hao hazikutani mahali. Alikuwa amevunja uchumba wa watu watatu kwa maneno machache, na wote watatu walimletea kuku baadaye kumshukuru. Madaftari yake yalijaa sanduku zima. Alijifunza kuandika akiwa mtu mzima, mtoto mgongoni, katika madarasa ya jioni ya kisomo, na jambo la kwanza aliloandika baada ya jina lake lilikuwa majina ya watu.

Siku hiyo hakuna aliyemwuliza kitu.

Evarista, mtoto wa Cresensia, aliyekuwa likizo kutoka chuo cha ualimu, alikuja akapiga magoti kando ya godoro akiwa na simu mkononi. Wajukuu walimwita bibi yao Ama, kwa Kiiraqw.

"Ama, anko Julius kasema nikusomee wasifu wa babu. Halafu nautuma Karatu ukachapwe. Nakala mia mbili."

"Nani kauandika?"

"Anko kanitajia, mimi nimeandika."

"Soma."

Msichana alisoma kwa sauti ndogo, akiona haya mbele ya wanawake. Tluway mwana wa Akonaay, aliyezaliwa mwaka fulani.

"Akonaay alizaliwa na nani?" Sabina alikatiza.

"Anko hakunitajia, Ama."

"Na Panga. Panga alizaliwa na Gwandu, na huyo Gwandu ndiye..."

"Ama," Evarista alisema kwa upole, "ni ukurasa mmoja tu."

Evarista akaendelea: alibatizwa, alifunga ndoa, alikuwa mwenyekiti wa kigango cha kanisa kwa vipindi vinne. "Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto saba, wajukuu thelathini na wanne na vitukuu tisa. Mtoto wa kwanza..."

"Nane," Sabina alisema.

"Vitukuu? Nimehesabu tisa, Ama, pamoja na wa anko Clemensi."

"Watoto. Wanane."

Cresensia, aliyekuwa akigawa chai mlangoni, aliweka birika chini, akaja kuinama mbele ya mama yake. Alianza kuhesabu kwa vidole, taratibu, jinsi mtu anavyomhesabia mtoto wa chekechea.

"Mama, sisi tuko saba. Julius. Mimi. Clemensi. Halafu..."

"Najua majina yenu, Cresensia. Ni mimi niliyewapa."

"Hajala kitu tangu jana," Cresensia aliwaambia wanawake, na sauti yake ilikuwa inaomba radhi.

"Ndivyo inavyokuwa," akasema jirani yao Germana, akitikisa kichwa. "Mama yangu alipofiwa alianza kuwaita mbuzi kwa majina yetu. Mimi nilikuwa yule mweupe mwenye pembe iliyovunjika."

Wanawake walicheka kidogo, kicheko cha huruma, na mmoja akampapasa Sabina bega. Evarista peke yake hakucheka. Aliitazama simu, akamtazama bibi yake, kidole kikiwa juu ya kioo, hajui aandike nini.

"Basi, mwanangu," Sabina alimwambia. "Nenda. Andika ulivyotajiwa."

Alifunga macho ili wadhani amesinzia.

Alikuwa na miaka kumi na saba alipopata mimba ya Tluway. Siku hizo msichana wa Kiiraqw hakuzaa kwao kabla ya kuolewa. Iliaminika kwamba akizaa ndani ya nchi mvua itakatika na ng'ombe watatupa mimba, na nyumba ya baba yake itatengwa, isipewe hata kaa la moto na majirani. Alitakiwa azae nje, kwa watu wengine. Baba yake alitangulia mbele na fimbo yake, wakapanda misitu ya juu na kuvuka, wakateremka siku ya tatu hadi uwanda wa Olbalbal, mahali ambapo upepo haupumziki. Huko palikuwa na boma la Wamasai waliowahi kubadilishana ng'ombe na baba yake. "Ukirudi, rudi peke yako," baba alimwambia, akageuka.

Alijifungua msichana. Alikaa naye siku kumi na moja. Kulikuwa na mwanamke pale bomani asiyejaliwa mtoto, mwenye mikono mikubwa na mitulivu, na ni katika mikono hiyo Sabina alimwacha. Mtoto hakuwa amepewa jina bado. Wamasai wangempa wenyewe, kwa siku yao na kwa sherehe yao, na siku hiyo ilifika wakati Sabina yuko njiani anarudi, amejifunga kitambaa kifuani kukaza maziwa yasitoke.

Mwaka uliofuata Tluway alikuja kumposa. Wiki ya kwanza ya ndoa, wakiwa wawili wanapalilia, alisema bila kuinua kichwa: "Lile jambo tusilitaje." Sabina akaitikia. Walilima, wakazaa, wakasomesha, wakazeeka, na hawakulitaja.

Watu walisema Sabina anapenda majina kwa sababu ana kichwa chepesi. Hawakugundua kwamba kila alipoletewa bibi harusi kutoka upande wa Ngorongoro, swali lake la kwanza lilikuwa moja tu: bibi yako alizaliwa wapi? Julius naye hakugundua. Alikuwa dereva wa watalii, na kila aliporudi safarini kutoka Serengeti mama yake alimuuliza, "Umepita Olbalbal? Umeona watu gani?" Naye akamjibu, akivua viatu, "Vumbi, Mama. Vumbi na punda."

*

Sabina alimkuta Julius jioni nyuma ya banda la ng'ombe, anaongea na simu kuhusu sufuria za kuazima. Alikuwa na miaka zaidi ya sitini sasa, kitambi cha mtu aliyekaa kwenye usukani maisha yote, na macho mekundu. Alipomwona mama yake amekuja peke yake akishikilia mbao za banda, alikata simu.

"Mama! Nani kakuacha utembee?"

"Karatasi imekwenda?"

"Imekwenda. Emmanueli wa Clemensi kaondoka na bodaboda saa tisa."

"Mpigie arudi."

Julius alipumua kwa nguvu. "Mama, Cresensia kaniambia. Umechoka. Ukilala kidogo..."

"Kabla yako kulikuwa na mtoto."

Aliyasema akiangalia ng'ombe. Ng'ombe aliendelea kutafuna.

"Alikufa?" Julius aliuliza.

"Sijui."

"Hujui vipi? Wewe Mama unajua mpaka mbwa wa babu yake katekista Piusi aliitwaje!"

"Sijui, Julius. Nilimzaa Olbalbal nikamwacha kwa Wamasai. Ni wa baba yako. Ni dada yako wa baba mmoja na mama mmoja."

Julius alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliipapasa mifuko yake, mtu angedhani anatafuta sigara, ingawa aliacha kuvuta zamani.

"Olbalbal," alisema. "Nimepita pale miaka ishirini na sita. Wazungu nyuma wanapiga picha watoto wanaochunga, mimi nawaambia fungeni vioo, vumbi." Akainua macho. "Ulikuwa unaniuliza."

"Nilikuwa nakuuliza."

"Kwa nini hukuniambia? Ningesimamisha gari. Mara moja tu ningesimamisha."

Kamba ya ng'ombe ilikuwa imelegea, Sabina akainama kuikaza, vidole vyake vikakataa. Julius aliinuka, akamkazia.

"Sasa unataka tufanye nini, Mama?"

"Muandike nane."

"Halafu Piusi asome mbele ya watu mia nne? Padri yupo, wazee wa ukoo wapo mstari wa mbele. Mwenyekiti wa kigango vipindi vinne, leo ndio wasikie alizaa nje na mtoto akatupwa?"

"Hakutupwa."

"Mimi najua hakutupwa. Wao watasema katupwa." Sauti ya Julius ilipanda, akaishusha. "Na mimi je? Tangu nipate akili watu wanakuita Mama Julius. Wanamwita mzee Baba Julius. Kesho kutwa nitaitwa kuweka udongo, mzaliwa wa kwanza. Nifanye nini? Nigeuke nyuma nimtafute mtu nisiyemjua hata jina?"

Ile ya jina ilimpata Sabina mahali pabaya. Alishika mbao kwa mikono miwili.

Julius aliona, akajuta. Alivua koti lake akamvika mama yake mabegani, maana upepo wa jioni ulikuwa umeanza kushuka kutoka milimani.

"Niambie kitu kimoja, nami nitampigia Emmanueli sasa hivi," alisema. "Baba mwenyewe alitaka atajwe?"

Sabina alifikiri uongo. Ulikuwa rahisi, na aliyeweza kuukana alikuwa amelala mochwari mjini. Lakini katika maisha yake yote hakuwahi kudanganya juu ya uzao wa mtu.

"Hapana," alisema. "Alisema tusilitaje."

"Basi, Mama. Ni msiba wake. Tumzike kwa alivyotaka."

Akamshika mkono, wakarudi nyumbani polepole, wote wawili wakikwepa kinyesi cha ng'ombe.

*

Alhamisi asubuhi, Marijani wa dukani alifika na pikipiki yake kutoka Karatu. Alikuwa na duka la shuka na vyombo karibu na sokoni, duka alilorithi kwa baba yake, na babu yake alitoka Kondoa na punda watatu, jambo alilolijua kwa sababu Sabina ndiye aliyemwambia. Alivua kofia mlangoni, kisha akakumbuka kwamba ni kofia ya Kiislamu, akaivaa tena kwa haya.

"Pole sana, Mama."

"Tumeshapoa, Marijani. Umefunga duka?"

"Mke wangu Hasna anauza. Nilisema siwezi kusubiri kesho, kesho ni Ijumaa, na mimi nina kitu cha mzee." Alitoa mfuko wa plastiki ndani ya koti. "Si haki kibaki kwangu."

Sabina aliufungua mapajani. Ndani kulikuwa na shuka ya Kimasai ya wanawake, ya bluu yenye miraba, mpya isiyowahi kuvaliwa, lakini rangi imepauka kwenye mikunjo.

"Hii ni ya nini?"

"Ndio nilidhani wewe utaniambia, Mama." Marijani alikaa kwenye ukingo wa kiti. "Mzee aliinunua kwangu zamani. Kila kiangazi, wiki ya mnada, alikuwa anapitia dukani asubuhi anapanda magari ya kwenda Endulen. Anashuka njiani, anateremka Olbalbal kwa miguu. Siku ya pili au ya tatu anarudi, ananipa tena mfuko. 'Wamehama,' ananiambia. 'Nitunzie hadi mwakani.' Mwakani anakuja kuichukua. Sikumbuki mara ngapi. Nilianza kuitunza Asmaa wangu hajaingia shule, na leo ana watoto."

Wanawake walikuwa wameacha kuongea. Sabina alikuwa na mkono juu ya shuka, hausogei.

"Nilimtania siku moja," Marijani aliendelea, sauti ikipungua maana aliona uso wa mama huyo. "Nikamwambia, 'Mzee, umeoa Mmasai nini, tukuletee na shanga?' Hakucheka. Akasema, 'Ni ya binti yangu.' Nikamuuliza, 'Yupi, Cresensia?' Akasema, 'Yule mkubwa.' Mimi nikadhani ameolewa huko. Nimekosea kuileta, Mama?"

"Hujakosea."

"Mara ya mwisho goti lilikuwa limeshamkataa. Hakupanda gari. Alikaa tu dukani juu ya gunia la sukari mpaka adhuhuri, akaniachia, akarudi."

Sabina alikumbuka. Kila kiangazi mzee alikwenda mnadani, na kila kiangazi alirudi bila ng'ombe, bila mbuzi, bila hata kamba. Yeye alimcheka. "Wewe unakwenda kunusa vumbi la watu," alimwambia, akimpa maji ya kuoga, na miguu ya mzee ilikuwa myeupe kwa vumbi mpaka magotini. Alikuwa akiisugua miguu hiyo kwa jiwe. Alikuwa akiliosha vumbi la Olbalbal kwa mikono yake mwenyewe.

"Mzee mjinga," alisema kwa sauti, na machozi ambayo hayakutoka tangu Jumanne yalianza kumtiririka. "Mzee mjinga wewe. Si ungenichukua. Si tungeshuka wawili."

Cresensia alikuwa amesimama mlangoni na birika, chai ikimwagika sakafuni asione. Germana aliinuka, akamwondolea birika mkononi.

"Mama," Cresensia alisema. "Huyo mkubwa ni nani?"

Sabina alijifunika uso kwa ile shuka, akalia.

*

Ijumaa walikuja wengi kuliko viti. Wasifu ulisomwa kabla ya misa, naye Piusi katekista aliusoma vizuri, sauti yake ikitoka kwenye spika mbili zilizofungwa mitini. Watu walizishika karatasi zao mapajani. Kwenye picha Tluway alikuwa amevaa suti ya harusi ya Clemensi, amenuna.

Sabina alisikiliza kila neno. Alijua saba itafika, akajiandaa kuinuka ikifika. Ikafika. "...watoto saba, mtoto wa kwanza akiwa ndugu Julius." Alishika mkono wa kiti, akafungua kinywa, na kwaya ikaanza kuimba. Watu wote wakasimama. Aliposimama naye, hakuna aliyeona kwamba yeye amesimama kwa jambo jingine.

Kaburi lilichimbwa nyuma ya shamba la mahindi, kando ya la Akonaay. Padri alibariki, jeneza likashushwa kwa kamba zilizowakwaruza vijana viganja. Sabina aliitwa kwanza, akaweka udongo wake. Ulikuwa mwekundu na wa baridi, nao ulitoa sauti ndogo juu ya mbao.

"Sasa watoto wa marehemu," Piusi alitangaza, "kwa jinsi walivyozaliwa. Mzaliwa wa kwanza, ndugu Julius."

Julius alisogea hadi ukingoni. Aliinama, akachota udongo kwa mkono wa kulia.

"Ngoja," Sabina alisema.

Waliokuwa karibu tu ndio waliosikia. Piusi alidhani amezidiwa. "Mpeni Mama kiti," aliwaambia vijana.

"Sitaki kiti, Piusi. Nipe hicho ulichoshika."

Piusi aliitazama maiki, kisha akamtazama Julius. Julius alikuwa bado ameinama nusu, ngumi imejaa udongo. Alimtazama mama yake kwa muda mrefu kiasi kwamba watu wa nyuma walianza kunyanyua shingo kuona kuna nini.

"Mpe," Julius alisema.

Sabina hakuwahi kukishika chombo kile. Neno la kwanza lilitoka kwa kishindo, yeye mwenyewe akashtuka, akakisogeza mbali na mdomo.

"Mnanifahamu," alisema. "Mmekuja jikoni kwangu nyote. Nimewatajia baba zenu, na baba za baba zenu, na mkanywa chai yangu. Leo karatasi yenu ina kosa. Aliyeandika hana hatia, kosa ni langu. Imeandikwa tumezaa saba. Tumezaa wanane. Na wa kwanza hayupo hapa."

Kelele ndogo ilipita kwenye umati kama upepo kwenye mahindi makavu. Mzee mmoja wa ukoo, mstari wa mbele, aligonga fimbo chini.

"Mama Julius! Hayo si ya kusemea hapa."

"Ni ya hapa, Aako," Sabina alimjibu, kwa neno la Kiiraqw la kumheshimu mzee. "Hapa ndipo nilipofukuzwa nikamzae kwingine."

Kando ya kaburi Julius alifumbua ngumi. Udongo ulianguka kwenye lundo ulikotoka, naye akarudi nyuma hatua moja, akaiacha nafasi wazi pale ukingoni. Cresensia, aliyekuwa nyuma yake, naye akarudi nyuma.

"Ni msichana," Sabina alisema, na sasa aliwaambia wanawe, umati aliusahau. "Akiwa hai ni mwanamke wa miaka sitini na minne. Nilimzaa Olbalbal, nikakaa naye siku kumi na moja. Najua alizaliwa na kovu dogo chini ya kidevu, hapa, kana kwamba alijigonga kabla ya kufika. Jina lake silijui. Mimi Sabina, mnayeniuliza majina yote, la huyo silijui. Baba yenu alimtafuta kila kiangazi bila kuniambia. Mimi nilimtafuta kwenye kila harusi yenu bila kumwambia. Tumekula chungu kimoja miaka sitini tukiwa na njaa ileile, na kila mmoja alidhani mwenzake ameshiba."

Alitua apate pumzi. Evarista alikuwa amekuja kusimama kando yake bila kumgusa. Piusi alinyoosha mkono apokee maiki, akidhani amemaliza. Sabina akatikisa kichwa.

"Mtasema ilikuwa mila. Ni kweli. Mtasema nilikuwa mdogo, na baba yangu alikuwa na fimbo. Ni kweli pia. Lakini siyo nililotaka kusema."

Mbele yake pale ukingoni nafasi ilikuwa bado wazi.

"Nilimtaka," alisema. "Yule mtoto. Nilimtaka."